Frinji Gani Itahimili Mwanza?

Ushauri wa kuchagua frinji, zile nywele za mbele zinazokatwa zishuke kwenye paji, karibu wote unaanza na umbo la uso. Una uso wa duara, kata ya pembeni ili uonekane mrefu. Uso wako mrefu, shusha nzito mpaka kwenye nyusi ili ufupike. Wenye uso wa yai Mungu kawapendelea, wakate yoyote. Bango lenye maelekezo hayo limebandikwa hata kwenye saluni ninayosukia Kirumba, limepauka kwa jua, na wanawake wote waliomo wana nywele zinazoteleza mpaka mabegani. Sijawahi kumwona mteja akinyanyuka kulisoma kabla ya kukaa kitini.

Siwalaumu. Umbo la uso lina sehemu yake, na ni kweli mwenye mashavu ya kujaa akishusha nywele nzito mpaka kwenye nyusi sura huonekana imebanwa. Lakini hilo ni suala la kwenye kioo, fundi akiwa bado ameshika kitana. Ukishatoka mlangoni mambo yanayoamua ni mengine: nywele zako zinajikunja kiasi gani, unarudi nyumbani kwa daladala au kwa bodaboda, unatoka jasho kichwani au hutoki, na kesho asubuhi utakuwa na muda wa kuzitengeneza au utakuwa unamtafutia mtoto soksi huku chai inachemka.

Tena wengi wetu tunafika saluni tukiwa wageni wa nywele zetu wenyewe. Msichana aliyesoma shule za serikali kanyolewa tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne, wengine mpaka cha sita. Anamaliza mtihani Novemba, ikifika Pasaka nywele zimeanza kushikika, anakimbilia kuweka dawa ya kunyoosha. Hajapata hata muda wa kujua kwamba za mbele ni nyembamba kuliko za kisogoni, au kwamba pale juu ya jicho la kushoto zimeota kwa kuzunguka na hazitakubali kulala chini hata uzibembeleze vipi. Na hayo ndiyo hasa mambo ya kujua kabla mkasi haujagusa kitu.

Mimi suala hili linanihusu kwa sababu nina komo. Utotoni Mabatini wenzangu waliliita uwanja wa ndege, na kaka yangu kila nikipita alikuwa ananyoosha mikono na kunguruma, ndege inatua. Kwa hiyo nilipoanza kushika hela yangu, kilichonivutia saluni hakikuwa rangi wala urefu. Nilitaka nywele za kufunika mbele.

Ile inayoombwa zaidi ni nzito, iliyokatwa mstari mmoja juu ya nyusi. Watu huiita ya Cleopatra, ingawa sarafu za enzi zake zinamwonyesha malkia huyo amevuta nywele zote nyuma na kuzifunga kisogoni. Sura tunayoijua imetoka kwenye sinema, na sinema nazo ziliangalia mawigi ya Wamisri wa kale, yaliyotengenezwa kwa nywele za watu na kukazwa kwa nta ya nyuki. Yaani hata kule Misri, yanakoishia maji ya ziwa letu la Viktoria, nywele za namna hiyo zilikuwa za kuvaa na kuvua. Likumbuke hilo, maana kwenye wigi tutafika.

Kwenye nywele zetu mstari ule unapatikana kwa dawa au kwa moto. Dawa huvunja viungo vya salfa vilivyo ndani ya unywele, ndiyo maana zilizowekwa dawa hazirudi. Unachosubiri ni mizizi mipya tu. Pasi haifiki huko. Inapanga upya viungo dhaifu vya haidrojeni, na hivyo vikipata maji tu vinarudia mkao wake wa kuzaliwa. Maji yenyewe si lazima yawe mvua, unyevu wa hewani unatosha. Sasa wewe unaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, mchana upepo unatoka majini kuja nchi kavu, na kuanzia Machi hadi Mei hewa imelowa. Umepiga pasi kabla ya jua kuchomoza. Ukifika kazini ncha zimeanza kujikunja. Mchana frinji imepanda mpaka katikati ya paji na imetanuka pembeni, na yule dada wa mapokezi anakuuliza kama uko sawa.

Januari 2013, siku chache kabla ya mumewe kuapishwa kwa muhula wa pili, Michelle Obama alitokea na frinji na Marekani nzima ikawa inaizungumzia. Picha zile nazipenda mpaka leo. Lakini mteja anapomwonyesha fundi picha ya aina hiyo kwenye simu, anaonyesha nywele za mtu mwenye fundi wa kumtengeneza kila anapokaribia kamera, halafu yeye analipa, anatoka nje na kupanda bodaboda kwenda Nyegezi.

Bodaboda si jambo dogo kwenye hesabu hii. Kofia ngumu ya abiria imepita vichwa vingi kabla ya chako, sponji lake limeshiba jasho, na inakandamiza palepale frinji inapoanzia. Ukiivua Buzuruga, nywele za mbele zimegawanyika kwa namna ambayo wewe wala fundi wako hamkuipanga. Wapo wanaoamua kutoivaa kabisa. Mimi nasema bora frinji ife. Kinachosaidia ni kitambaa chepesi cha satini: unaivuta frinji upande unaotaka ilale, unafunga kitambaa, kofia inakaa juu yake. Ukifika unafungua na kutikisa kichwa. Halafu lile sponji la watu halikugusi paji, na chunusi za pale mbele zinapungua. Mafuta ya nywele nayo yana lawama kwenye chunusi hizo, kwa hiyo anayevaa frinji apake mafuta nyuma na katikati, mbele aache pakavu, na akiona zimeanza kushikana azioshe hizo tu kwenye sinki bila kusumbua kichwa kizima.

Kwa sababu hizo zote naipa frinji ya pembeni heshima kubwa kuliko inavyopewa. Watu huiona ya kizamani, ya picha za harusi za mama zetu. Lakini inaanza ndefu, kwenye mfupa wa shavu, inapita juu ya paji kwa mshazari na kuishia sikioni. Unyevu ukiipandisha inakuwa wimbi, na hakuna anayejua kama ulikusudia au hukukusudia. Ukiichoka unaibana kwa kibanio. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ile ya mstari juu ya nyusi baada ya wiki chache imeshaingia machoni na unatakiwa urudi kwa fundi. Ya pembeni inakua kimyakimya na hakuna anayekudai.

Ile ya pazia, inayogawanyika katikati na kushuka kandokando ya macho, imerudi sana siku hizi. Ilivuma miaka ya 1960 na Brigitte Bardot, mwigizaji wa Ufaransa, na inataka nywele zenye uzito wa kujiangukia zenyewe. Kwa kipilipili kilichopigwa pasi, sehemu moja inashuka, nyingine inagoma. Rafiki yangu mmoja anayevaa hijabu anaipenda kuliko zote, kwa sababu nyingine kabisa: inarudi nyuma kirahisi. Mchana kutwa imelazwa chini ya kofia ya ndani, hakuna unywele unaochungulia, jioni akifika kwake anaiachia. Wanaoijua ni mumewe, dada zake na sisi mashoga zake, na anasema hao wanatosha.

Kuna imani kwamba kipilipili hakina frinji, kwamba mpaka uzinyooshe kwanza. Wanawake wa Kihamer kusini mwa Ethiopia hawajasikia habari hiyo. Wanasokota nywele zao vinyuzi vinyuzi kwa udongo mwekundu na siagi, wanazikata mbele zikaning'inia juu ya macho, na zinapendeza kupita zote zilizo kwenye bango la Kirumba. Shida kwetu ni namna tunavyozikata. Unywele unaojikunja sana ukikauka unaweza kupoteza zaidi ya nusu ya urefu wake. Fundi akiulowesha, akauvuta kwa kitana mpaka kwenye nyusi, akakata hapo, ukikauka unaruka mpaka kwenye mstari wa nywele na mteja anaondoka na kishungi.

Nimewahi kukaa pembeni nikimtazama fundi anayejua kazi hiyo akimkata binti wa chuo. Hakuzilowesha. Alichora pembetatu kwa mkia wa kitana, ncha moja kuelekea utosini, nyingine mbili zikiishia usawa wa mwisho wa nyusi, wala hakuvuka hapo kuelekea kwenye panja. Zilizobaki akazibana nyuma. Kisha akawa anashika msokoto mmoja mmoja jinsi ulivyojikalia, hauvuti, anakata ncha kidogo, anauachia, anarudi nyuma hatua kuangalia umetua wapi. Walianza zikiwa zinagusa mdomo, akasimama zilipofika puani.

"Dada, bado ndefu," binti akalalamika.

"Mdogo wangu, kaoge nazo kwanza. Zikikauka ukaona bado ndefu, rudi nikukate bure. Zikiwa fupi, mimi sina gundi."

Ukiwa na nywele za asili na unataka frinji, mtafute fundi wa namna hiyo hata kama yuko Igoma na wewe unakaa Pasiansi. Na akichukua chupa ya maji ya kupulizia kabla ya mkasi, muulize kwa upole anataka kufanya nini.

Kwenye rasta, zile nywele za bandia za kusukia, mambo ni tofauti kidogo. Frinji ya rasta inapendeza na unyevu wa ziwa hauiwezi, ila inavuta. Nywele za mbele zinaota kuelekea upande fulani, wewe unazisukia rasta nzito na kuzilazimisha zishuke usoni, na uzito wote unabebwa na zile nywele dhaifu kuliko zote kichwani. Msusi mzuri atachukua rasta chache zaidi kwa kila msuko wa mbele, ataanza bila fundo, na ataacha nje malaika, vile vinywele laini vya ukingoni mwa paji, asiyafukue kwa ncha ya kitana ili tu mstari uonekane umenyooka. Ukiona vipele vidogo kwenye mizizi jioni ya siku uliyosuka, au unashindwa kufumba macho vizuri, fumua zile za mbele usiku huohuo. Hela imekwenda, basi. Nywele zilizovutwa miaka na miaka kwenye panja huacha kuota, na vinyweleo vikishageuka kovu hakuna mafuta ya mnyonyo yatakayovifufua. Lakini ukiacha kuvuta mapema zinarudi.

Halafu kuna maji ya moto. Rasta za nyuma zinatumbukizwa kwenye jagi, ncha zinafunga, kwisha. Za mbele huwezi kuzitumbukiza bila kumuunguza mtu paji. Niliyemwona akifanya vizuri alizungushia ncha kwenye vijiti vya plastiki, akachovya taulo kwenye maji yanayotokota, akalikamua kwa kijiko cha mbao na kuzikandia zile ncha huku mkono wake mwingine umekinga uso wa mteja kwa kipande cha khanga. Kazi ya dakika chache, ila inaonyesha anafikiria.

Sasa wigi. Kwa maoni yangu hapa ndipo frinji ilipopata makazi yake Mwanza, na sababu yake ni ya akili kabisa, ingawa watu hudhani ni ushamba. Wigi lisilo na frinji lazima lidanganye kwenye mstari wa paji. Linatakiwa liwe na leshi nyembamba, kile kitambaa cha wavu cha mbele, leshi ifanane na rangi ya ngozi yako, igandishwe kwa gundi, ipakwe poda, malaika yachorwe. Kila hatua ina gharama, na gundi ikibanduliwa vibaya inaondoka na nywele zako. Frinji inaufunika ule mstari. Hakuna leshi, hakuna gundi, unavaa na kuvua usiku ukalala kichwa kikipumua. Mwanamke anayeuza duka mjini na kufungua saa moja asubuhi akichagua wigi la frinji, kapiga hesabu zake vizuri.

Lakini usilivae lilivyotoka kwenye mfuko. Karibu yote huja na frinji nene mno na ndefu mno, kwa sababu kiwandani hawajui kichwa chako. Lipeleke kwa fundi alipunguze kwa mkasi wenye meno, na likatwe likiwa kichwani mwako, wala si kwenye kichwa cha plastiki. Na chini yake suka vilevile utakavyokuwa unasuka siku zote. Twende kilioni nyembamba inalala chapati. Mabutu manene yanalinyanyua wigi kwa mbele, na frinji iliyokatwa sawasawa juu ya twende kilioni inakuwa fupi ghafla juu ya mabutu. Hili mafundi wengi hawalisemi.

Nywele za bandia hazijali unyevu, na hilo ni jambo kubwa katika mji huu. Zinachokiogopa ni moto. Jiko la mkaa na frinji ya bandia haviivani kabisa: umeinama kugeuza sato kwenye mafuta, mvuke na joto vinakupanda usoni, na ukija kujiangalia kwenye kioo ncha za mbele zimeyeyuka zikawa vishanga vidogo vigumu vinavyokwaruza ukivipitisha vidole. Hakuna dawa yake, vinakatwa tu, na ukikata frinji inapungua. Jikoni vua, au ibane nyuma kabla hujawasha. Na anayevuka kwa kivuko cha Kamanga akae ndani, maana upepo wa pale kwenye sitaha unaingia chini ya frinji na kuinua kila kitu, wavu ukaonekana, na abiria wa kivuko hawana adabu ya kuangalia pembeni.

Wengine wanavaa frinji kuficha panja zilizokwisha. Hakuna ubaya, nimewaona wakipata amani ambayo kilemba hakikuwapa. Ila ukificha, chini yake pumzisha. Kuna wanaoficha kwa frinji huku chini wamesuka vilevile kwa kukaza, kwa sababu hakuna anayeona.

Mama mdogo wangu, mwalimu anayekaribia kustaafu, alikwenda saluni na mvi zilizoanzia mbele, mkanda mmoja mweupe juu ya jicho la kulia. Fundi akamwambia, "Mama, nikupake piko, frinji itakaa nyeusi." Piko ina kemikali ya rangi ambayo baadhi ya ngozi hazielewani nayo hata kidogo, na kuipaka palepale inapogusa paji kutwa nzima ni kuutafuta mwasho. Lakini hakukataa kwa sababu hiyo. Alitaka frinji ya pembeni ili ule weupe upite mbele uonekane. Wanafunzi wake wameanza kumpigia magoti zaidi, anasema.

Ile fupi sana inayoishia katikati ya paji inahitaji paji dogo na roho kubwa. Sina vyote viwili.

Mimi nafuata majira. Juni hadi Agosti hewa ikikauka nanyoosha zangu na kukata ya pembeni. Masika ikiingia narudi kwenye wigi, au nasuka rasta na paji langu nje liote jua. Vuli ndiyo inanisumbua, maana Oktoba huwezi kujua: asubuhi kweupe, saa tisa mawingu yamekaa juu ya ziwa. Desemba hii tuna send-off ya binamu kule Nyakato, na kamati imeshapitisha kitenge cha bluu na vilemba kwa wanawake wote wa ukoo. Kilemba kinafungwa palepale frinji inapoanzia, kwa hiyo ubishi ungekuwa umekwisha, ila binamu mwenyewe ametuma ujumbe kwenye kundi la familia kwamba yeye ataiacha kidogo ichungulie upande wa kulia, na sasa shangazi zangu wote wanauliza kama na wao wanaruhusiwa.